Maandishi ya gemu yabaki kwenye kioo kama kivuli: paneli imekufa?

Ukumbi_MwembeTayari
Asalaam aleikum mafundi. Hapa ukumbini kuna mashine tatu za gemu za kusimama, kila moja ina kioo cha LCD cha inchi 32. Ile iliyo karibu na mlango, maneno "INGIZA SARAFU" na fremu ya alama pale juu yabaki kama kivuli hata mchezo ukianza. Picha ikiwa na rangi nyingi hayaonekani, lakini mandhari ya mawingu yakija unasoma herufi moja moja. Asubuhi kioo ni safi, alasiri kivuli kimerudi. Nimeambiwa kimeungua, ninunue kingine. Ni kweli?

FundiKongowea
Waaleikum salaam. Usinunue kitu bado. Kivuli kinachoondoka usiku si kuungua. Vilivyokuwa vikiungua ni vioo vya CRT (TV za zamani za kichogo) na plazma, kwa sababu fosfori yenyewe, ule unga unaotoa mwanga, huchakaa pale inapowaka sana. Pikseli ya LCD haitoi mwanga. Kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia mwanga wa taa za nyuma. Ndani ya umajimaji wa fuwele ulio kwenye pikseli mna ayoni chache za uchafu, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Picha ikisimama saa nyingi, na voltaji ikaegemea upande mmoja hata kidogo, ayoni hizo hujikusanya kwenye kuta za pikseli na kuacha chaji. Hiyo chaji ndiyo unayoisoma.

Kwanza hakikisha. Tengeneza picha ya kijivu tupu, 128 kwa nyekundu, kijani na buluu, ya ukubwa uleule wa paneli (1366×768 au 1920×1080), uionyeshe kwa laptopu kupitia HDMI. Nyeupe na nyeusi huficha kivuli, kijivu hukitoa. Kisha zima kabisa, umulike kioo kwa tochi kwa mshazari. Ukiyaona maneno hata stima ikiwa imezimwa, basi tatizo liko kwenye kioo cha kinga au polaraiza (utando unaochuja mwanga), na dawa ninayoandika hapa haitakusaidia.

Kama ni chaji, onyesha picha nyeupe na nyeusi zikipokezana kila sekunde 3, au ule mchanga wa TV isiyo na stesheni. Anza na saa 6, ukirudi kwenye kijivu kila saa moja kupima. Kivuli kilichokaa siku nyingi chaweza kutaka saa 24 hadi 48. Watu wengi huacha nyeupe tupu wakidhani ni dawa ya kila kioo. Paneli ya TN, aina moja ya LCD, haipewi voltaji ikiwa nyeupe, kwa hiyo huko nyeupe yafaa. Ya IPS, aina nyingine, ni kinyume, hupumzika ikiwa nyeusi au imezimwa. Kama hujui yako ni ipi, pokezanisha tu.

Na tafadhali, usiipige kwa mashine ya kukaushia nywele wala usikisugue kioo kwa kidole. Joto huharibu polaraiza, na kidole huacha doa lisilotoka.

Pwani_Elektroniki
Nakubaliana na fundi, ila hakuna aliyeutaja mlango. Mbona ni hiyo moja tu kati ya tatu? Jua la alasiri laingia pale, na ayoni husogea kwa wepesi zaidi kukiwa na joto. Weka kipimajoto nyuma ya paneli saa tisa mchana. Paneli nyingi zimetengenezwa kwa mwisho wa nyuzi 50, na sanduku lililofungwa mjini Mombasa mwezi wa Machi huufikia bila taabu. Geuza mashine, shusha mwanga wa nyuma kutoka 100 hadi 60, kisha funga feni mbili za 12V za milimita 120: ya chini ivute hewa ndani, ya juu iitoe. Ya chini iwekee chujio, ukioshe kila wiki mbili, maana vumbi letu lina chumvi na hula miguu ya viunganishi.

Shekhe_Tcon
Mkishamaliza hayo na kivuli kikarudi ndani ya saa moja au mbili, angalieni Vcom, yaani voltaji ya pamoja ya pikseli zote. Ikienda kombo, voltaji ya pikseli haigawanyiki sawa pande mbili, na chaji hujaa upya kila siku. Dalili yake ni kijivu kinachopepesa. Acha paneli ipate moto nusu saa, onyesha mistari myembamba ya kijivu na nyeusi, halafu tafuta skrubu ndogo kwenye bodi ya T-con, ile inayoiongoza paneli. Itie alama kwa kalamu kabla ya kuigusa, uizungushe kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki mpaka kupepesa kupungue kabisa. Kwa multimeta, Vcom hukaribia nusu ya AVDD (voltaji kuu inayolisha pikseli), chini kidogo. Paneli mpya nyingi hazina skrubu hiyo. Hurekebishwa kwa programu. Ikiwa taa za nyuma ni zile za mirija, kaa mbali na bodi ya inverta inayoziwasha, ina mamia ya volti.

Ukumbi_MwembeTayari
Shukrani sana. Kwa tochi hakuna kitu. Kipimajoto kimesoma 53. Baada ya saa 7 za kupokezanisha, fremu imetoka yote, imebaki "SA" ya sarafu, hafifu. Kijivu hakipepesi.

FundiKongowea
Basi Vcom iache. Endelea usiku kucha, na kesho uyafanye hayo maneno yahame kila dakika 2. Kama gemu haina mpangilio huo, weka saa ya kuzima kioo ukumbi ukifungwa.