Navier au Athanasia: ni kisa kipi kilichosukwa vizuri zaidi?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, nimekuwa nikisoma kwa zamu webtuni (katuni za mtandaoni) mbili za mapenzi na njozi kutoka Korea Kusini, nazo ni The Remarried Empress, kisa cha malkia Navier, iliyoanza kuchorwa kwenye jukwaa la Naver mwaka 2019, na Who Made Me a Princess ya jukwaa la Kakao, kisa cha binti mfalme Athanasia. Naomba tuzilinganishe kwa msuko na wahusika tu. Picha tuziweke kando, maana kwa magauni na vito Athanasia angeshinda kabla hatujaanza. Asiyezimaliza asiendelee kusoma hapa, kwani siri nyingi zitafichuliwa.

Mimi nampa ushindi Navier. Sehemu ya kwanza inatuweka mbele ya hukumu ya talaka, ambapo anaikubali talaka na papo hapo anaomba idhini ya kuolewa tena, kisha kisa kinarudi nyuma hadi siku ambazo Rashta, mwanamke mpya wa mumewe, alikuwa bado mgeni katika kasri. Kwa hiyo sisi tunajua ndoa itakapoishia, Navier mwenyewe hajui, na kila mara mumewe, Kaizari Sovieshu, anapomtetea Rashta tunaumia kwa niaba ya mke ambaye bado anahesabu mapato na matumizi ya dola. Kwa Athanasia mambo ni kinyume: mwanamke wa zama zetu anaamka akiwa kichanga ndani ya riwaya aliyoisoma, akijua kwamba baba yake, Kaizari Claude, atamuua akifika miaka 18. Mhusika anayejua kila kitu hunipunguzia hofu.

Binti Pangani

Hapo sikubaliani nawe, ndugu mleta mada. Anachokijua Athanasia ni kama akiba ya fedha, kila akiitumia inapungua. Amekusudia kukusanya dhahabu na vito kimyakimya ili atoroke, lakini anakutana na Claude akiwa na miaka mitano tu, mapema kuliko ilivyoandikwa, na tangu siku hiyo riwaya aliyoisoma inazidi kuwa ramani ya mji uliokwisha kubomolewa. Baadaye Claude anapoteza kumbukumbu na kumsahau binti aliyekwisha kumpenda, na hapo hakuna alichosoma kinachoweza kumwokoa. Sijasoma sehemu ya Navier iliyonikosesha usingizi kiasi hicho.

Kasoro yake kwangu ni nyingine kabisa. Claude aliwaua wanawake wa Kasri la Rubi, na kisa kinatutaka tulisahau jambo hilo kwa sababu ameanza kunywa chai na mtoto wake. Upendo wa baba umeandikwa vizuri mno, hata Lucas, mchawi anayepaswa kubeba upande wa mapenzi, anaonekana kama mgeni aliyekuja harusini bila kadi.

Mwanamwambao

Mnazungumza kana kwamba Rashta ni hawara aliyevunja nyumba ya watu, ilhali Kiswahili kina neno lake kamili: Rashta ni suria, yaani mjakazi anayewekwa na bwana wake kama mke. Ni mtumwa mtoro aliyenaswa mguu kwenye mtego wa uwindaji, na kabla ya hapo alikuwa amezaa na mtoto wa bwana wake, akaonyeshwa maiti ya kichanga kingine ili aamini kwamba wake amekufa. Huku kwetu Unguja jambo hili si njozi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, alizaliwa na suria, na kwa sheria iliyofuatwa mtoto aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru, wala mama yake hakuweza kuuzwa tena. Rashta hana kinga ya namna hiyo. Akikataliwa na Sovieshu hana pa kusimama, na ndiyo maana anasema uongo, na uongo wa kwanza unadai wa pili. Nasikitika kwamba mwandishi alimjenga kwa undani huo, kisha akampa adhabu nzito kuliko ya yule mwanamume aliyemleta kasrini.

Kalamu Kavu

Nakubaliana na Mwanamwambao, na nitaongeza kwamba tunamwona Rashta zaidi kwa macho ya Navier, ambaye si shahidi asiye na upande. Hata hivyo udhaifu mkubwa wa kisa hicho ni Heinrey, mume wa pili wa Navier. Mwanamfalme anayejigeuza ndege na kumpelekea Navier barua ni wazo la kupendeza, lakini baada ya harusi hakosei, hachoki, hakasirikiwi. Sovieshu, kwa upumbavu wake wote, ana uhai zaidi: alipanga talaka ya mwaka mmoja tu ili mtoto wa Rashta ahesabiwe halali, kisha amrudishe Navier kama mtu arudishaye kiti mezani, na mwishowe kipimo kikaonyesha kwamba mtoto mwenyewe si wake.

Mleta mada

Kuhusu Rashta nimeshindwa, na nitazirudia sehemu za mwanzo nikiwa na neno hilo la suria kichwani. Kuhusu Heinrey, nakiri kwamba tangu Navier avuke mpaka kwenda Ufalme wa Magharibi nimekuwa nikisoma kwa haraka nikitafuta kurasa za Sovieshu, jambo ambalo bila shaka mwandishi hakulikusudia. Lakini Binti Pangani, kwa Claude bado nina swali: je, kumbukumbu zilipomrudia, kuna mahali popote alipowataja wale wanawake wa Kasri la Rubi?

Binti Pangani

Kama papo, basi nimeparuka, na si kawaida yangu kuruka kurasa za Claude.