Naomba ushauri: kuwafundisha wanakwaya alama za muziki

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nasaidia kufundisha kwaya ya parokia hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga. Waimbaji wetu wanasoma solfa vizuri. Ukiwapa do-re-mi na ukaandika Do ni G, sauti zote nne zinaingia bila shida, hata besi.

Tunapokwama ni kwenye maneno na alama za Kiitaliano zinazoandikwa juu ya nota. Panapoandikwa p tunatakiwa kuimba kwa sauti ndogo, pp ndogo zaidi, f kwa nguvu, lakini sisi tunaimba kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho. Kresendo, yaani kukuza sauti kidogo kidogo, wengi wanaongeza mwendo badala ya sauti. Panapoandikwa rit. pa kupunguza mwendo, soprano wanapunguza, tena wanapunguza vizuri kweli, tena wanasubiri, huku waimbaji wa tenor wameshafika mbele. D.C. (rudi mwanzo wa wimbo) na D.S. (rudi penye alama maalumu iliyowekwa ndani ya wimbo) ndizo zinazotuvuruga zaidi: wengine wanarudi mwanzo wa wimbo, wengine kwenye ile alama ya katikati. Inaniuma, kwa sababu sauti wanazo.

Walimu wenzangu, mnaanzaje? Nitenge siku ya darasa, au nifundishe alama mbili tatu kila zoezi kupitia wimbo tunaojifunza? Binafsi naona njia ya pili inafaa, ila nina akina mama watu wazima wasiopenda ubao. Wao wanashika kwa kusikia. Hao niwafundisheje?