Tupeane uzoefu: Saratani ya tezi dume, wewe ulisimamiaje matibabu yako?

Mzee wa Daftari: Wakuu, heshima kwenu. Jirani yangu karudi kliniki na karatasi ya majibu. Namuuliza wamesemaje, ananijibu "daktari ndiye anajua". Nimeumia sana. Mimi nilinunua daftari: kila PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, naandika tarehe na namba, majibu ya kinyama walichokata kwenye tezi kupima nimeyabandika humo humo. Gleason yangu, yaani alama ya ukali wa saratani, ni 3+4. Nikauliza, hii na 4+3 si zote saba? Daktari akavuta kiti, akanieleza kuwa namba ya kwanza ni ya seli zilizotawala, kwa hiyo 4+3 ndiyo kali zaidi. Tukajadili kisu au mionzi, na kila kimoja kinavyogusa mkojo na unyumba. Nikachagua mionzi, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Nani mwingine aliuliza?

Chausiku: Kwetu daftari nashika mimi, baba macho hayaoni vizuri.

Ngosha Mkweli: Daktari kasoma, muacheni afanye kazi. Na hiyo PSA inatisha watu bure, yangu ilipanda kumbe UTI.

Nesi Mstaafu: Ngosha, PSA haisemi una saratani, inasema kwenye tezi kuna jambo. UTI inaipandisha, mpira wa mkojo unaipandisha. Na anayemeza finasteride kwa ajili ya tezi iliyovimba aseme mapema, maana ile inashusha PSA karibu nusu, mnaweza kudhani yuko salama. Daktari atajuaje usipomwambia?

Mtoto wa Kombo: Acha niwasimulie. Baba alikuwa kwenye sindano za homoni, saratani imeshafika kwenye mifupa. Akaanza kuumwa mgongo, usiku halali. Zahanati wakampa diklofenaki, wakasema uzee. Alfajiri moja kaenda chooni, kuinuka hawezi. Tunamshika, miguu inaning'inia tu. Tukampakia kwenye bajaji. Hospitali kijana wa zamu kaanza kuandika dawa ya maumivu tena. Baba, amelala kwenye benchi, akamshika mkono: "Mwanangu, nina saratani ya tezi dume, iko kwenye mifupa, miguu imeisha nguvu leo. Niliambiwa kliniki ikitokea hivi nisisubiri. Naomba picha ya MRI ya mgongo." Yule kijana akaacha kalamu, akaenda kumwita mkubwa wake. Uti wa mgongo ulikuwa umebanwa. Wakamchoma deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, siku hiyo hiyo, kisha mionzi. Leo anatembea kwa mkongojo, msikitini anaenda mwenyewe.

Chausiku: Nimesoma nalia. Mungu amlinde mzee.

Ngosha Mkweli: Wangemtoa kokwa (korodani) mapema yasingemfika hayo.

Mtoto wa Kombo: Kaka, usimseme baba yangu hivyo. Sindano na kutoa kokwa kazi yao ni moja, kushusha testosteroni, homoni ya kiume. Kokwa ikitoka haikurudii, sindano ukikosa hela inakatika. Alichagua mwenyewe akijua.

Nesi Mstaafu: Yuko sahihi. Ila wasioweza kununua sindano kila mara, kutoa kokwa ni tiba halali kabisa, wasione aibu.

Tabibu Asilia: Mlonge na mbegu za maboga, mtakuja kunishukuru.

Nesi Mstaafu: Mbegu za maboga kuleni, kliniki nendeni.

Fundi Seremala: Mzee wa Daftari, mada yako imenikuta pabaya. Nina 54, PSA 6.2, naonana na daktari Jumatatu. Baba alifariki kwa ugonjwa huu. Niulize nini?

Mzee wa Daftari: Anza na hilo la baba, kabla hajakuuliza. Kisha uliza kama PSA irudiwe, na kama MRI inapatikana kabla ya kinyama. Wakikuta saratani, na ni ndogo na ya pole, uliza kama unaweza kufuatiliwa tu bila kukatwa. Usiende peke yako, nenda na shemeji.

Fundi Seremala: Yuko Songea anauguza mama yake.

Chausiku: Basi mpigie ukiwa mle ndani, uweke spika. Na daktari mwombe ruhusa kwanza.