Injini imegonga miezi 5 baada ya oveholi: oili au fundi?

Wakuu, naombeni ushauri. Nina Coaster ya abiria, injini 1HZ ya dizeli, silinda sita. Wiki iliyopita ilianza kugonga ikipanda Kimara. Tumeifungua Gerezani: beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zimelika hadi shaba inaonekana, na mifereji ya ringi kwenye pistoni imejaa masizi magumu, bisibisi inateleza juu yake. Fundi anasema oili feki. Aliyeniuzia oili anasema fundi kafunga vibaya. Mkopo wa gari haujaisha. Oili niliyomwaga ipo kwenye dumu, na nina galoni moja ya lita 5 haijafunguliwa. Ukweli nitaupataje?

Fundi Dizeli wa Tabata
Pole sana mkuu. Kwanza usikubali mtu aoshe hivyo vyuma! Vijana wetu wana haraka ya brashi na petroli. Kila beringi iandike silinda yake. Ikilika moja, angalia tundu lake la oili na ilivyofungwa. Zikilika zote, shaka inahamia kwenye oili, presha au uchafu.

Mkemia
Oili iliyotumika inaonyesha kilicholika na kilichoingia; peke yake haitakuambia ilikuwaje siku unainunua. Peleka maabara oili zote mbili, ya dumu na ya galoni, na hakikisha namba ya toleo kwenye galoni ni ile ile ya uliyotumia. Dumu litikise sana kabla ya kuchota, maana vyuma vimeshazama chini. Chupa ya sampuli iwe kavu kabisa.

Omba wapime mnato (uzito wa oili) kwa nyuzi 100 za Selsiasi: oili mpya ya 15W-40 inatakiwa isipungue sentistoki 12.5. Ya zamani ikiwa nyepesi, waangalie kama imeingia dizeli kabla hujamlaumu muuzaji, nozeli mbovu huivujisha hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kisha metali. Madini ya risasi na shaba ni beringi, chuma ni slivu (ukuta wa silinda) na krenki, silikoni mara nyingi ni vumbi. Masizi nayo kwangua kwa kijiti cha mbao, kisu kitachanganya chuma chake humo.

Mleta uzi
Nimetoka Gerezani sasa hivi. Beringi zote sita zimelika. Nimepitisha ukucha kwenye ya silinda ya 4, kuna chembe ngumu zimezama kwenye metali kama mchanga. Halafu mpira wa kutoka kwenye kichujio cha hewa una ufa upande wa chini, ukiukunja kidole kinapita. Ndani vumbi jekundu.

Fundi Dizeli wa Tabata
Hapo sasa! Pima slivu juu kabisa, pale ringi ya kwanza inapogeukia, halafu chini. Vumbi la kupitia hewa linakula juu zaidi.

Mleta uzi
Juu imelika, hata kidole kinahisi ngazi. Wakuu, mpira huo fundi aliniambia tuubadilishe siku ya oveholi, nikamwambia tusubiri mwezi ujao. Nimempigia kumwomba radhi. Sampuli zote nazipeleka Jumatatu, oili nayo bado nataka kuijua. Majibu nitayaweka hapa.