Naomba ushauri: safari ya meli na mama kutoka Galveston

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Houston, na mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi Desemba. Natamani sana nimpeleke safari ya meli ya siku 7 kutoka bandari ya Galveston, hapa Texas. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na hali nyama isiyochinjwa kihalali.

Nimelinganisha kampuni mbili za meli, Carnival na Royal Caribbean. Kwa tarehe zetu nauli ya Carnival iko chini, ila ukijumlisha bahshishi ya kila siku kwa kila mtu, kodi za bandari na intaneti, tofauti inabaki ndogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni njia. Ratiba moja inapita kisiwa cha Grand Cayman, ambako meli hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Cozumel, kule Mexico, meli inafunga gatini, mama atashuka kwa taratibu zake.

Nimempigia wakala mara mbili, kila mara jibu tofauti.

Aliyesafiri na mzazi mwenye pasipoti ya Tanzania: je, viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi ilitosha kushuka Mexico na kurudi? Na chakula halali mliomba mapema au mlemle melini?