Pampu ya blok inakula yuniti 14 kwa siku, tatizo liko wapi?

Mkazi_Blok4
Wakuu, habari za jioni. Blok yetu ya Dar es Salaam ina ghorofa nne, kaya 16. Chini kuna tenki la lita 10,000 linalojazwa na maji ya mgawo, juu ya paa mawili ya lita 5,000 yaliyounganishwa. Pampu ni ya hospawa 1. LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla) sasa inakula yuniti 14 kwa siku, na kamati inataka kupandisha mchango. Ni kawaida?

FundiBomba
Si kawaida hata kidogo, mkuu. Piga hesabu: kaya 16, watu wanne kila kaya, lita 80 kwa mtu, ni kama lita 5,100 kwa siku. Pampu hiyo ikipandisha mita 18 hutoa walau lita 2,000 kwa saa na kula takriban yuniti moja. Mngetumia yuniti tatu. Swali la kwanza: tenki la chini linakauka haraka? Kama halikauki, maji hayapotei, yanapanda na kurudi.

Msibomoe kitu bado. Saa tano usiku zimeni pampu, fungeni koki inayoshusha maji kwa wakazi, tieni alama usawa wa maji juu. Pimeni tena saa kumi na moja alfajiri. Tenki la upana wa mita 1.8 hubeba lita 25 kwa kila sentimita. Kwenu ni mawili, kwa hiyo 50. Yakishuka, rudieni koki ya bomba la kupandishia nayo ikiwa imefungwa. Yakitulia sasa, valvu ya kuzuia maji yasirudi imekwama. Kwa kawaida ni mchanga: ifungueni, isafisheni, badilisheni mpira.

Mama_Ghorofa3
Na vyoo msivisahau. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tenki la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa chini umechoka. Lita moja kila dakika tano huisikii, lakini ni lita 288 kwa siku. Vyoo kumi vya hivyo ni karibu lita 2,900, zaidi ya nusu ya mahitaji yenu yote!

Maji ya kusuuzia nguo yatumieni kuflashia, ila yamwagwe bakulini kwa ndoo. Kwenye tenki la choo sabuni na nyuzi zinaharibu mipira. Yasilale zaidi ya siku moja, yananuka.

Mkazi_Blok4
Tenki la chini halikauki. Bomba la kupandishia limeingia chini ya tenki la juu.

FundiBomba
Basi anzeni na valvu. Bomba likiingilia juu ya tenki, hata valvu ikifa hurudi yaliyomo bombani tu, lita 15 hivi kwa bomba la milimita 32. Mkipata fedha, lihamisheni.

Boya la swichi la tenki la juu, linalozima pampu tenki likijaa, nalo linyanyueni kwa mkono pampu ikiwa inazunguka: isipozima, boya limeharibika na maji yanamwagika kwa bomba la kufurikia. Angalieni kama ukuta una michirizi ya unyevu. Na fundi yeyote akiwashauri muunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, mkatalieni. Inavuta tope na maji machafu kupitia kila ufa wa bomba, na majirani wanakosa maji.