Bibi yangu (mke wangu) anapika kuku nikiwa sipo. Nimfundishe vipi kubana matumizi?

Baba wa Watano (Katuba)
Jambo yenu wote wa Lubumbashi. Ninaomba ushauri, na ninaomba msinicheke.

Nyumbani tuko watu saba: mimi, bibi yangu na watoto watano. Tangu mwaka uanze tulikubaliana kufunga mkanda, kwa sababu ninalipia parseli, kiwanja cha kujenga, kule Luwowoshi kidogo kidogo na mwenye kuuza hana subira. Kila asubuhi ninaacha franka 10,000 za mboga, mafuta na makala (makaa). Unga ninanunua mwenyewe. Chai ni asubuhi tu, sukari kijiko kimoja, nyama tumeiweka kando mpaka sikukuu. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), bukari na lengalenga (mchicha), ndakala (dagaa) mara moja moja. Hakuna aliyelalamika.

Sasa Ijumaa iliyopita nimerudi usiku, watoto wamelala. Nikataka kuwasha mbabula nipashe maji ya kuoga. Kwenye ndoo ya majivu nikakuta mifupa ya kuku imefungwa ndani ya gazeti, imekunjwa vizuri kabisa. Si mfupa mmoja, ni mapaja ya kutosha watu sita. Chini yake kuna vile vifuko vya barafu tamu za kunyonya, rangi nyekundu.

Nimenyamaza mpaka leo. Nimfundishe vipi mwenzangu bila kuleta kelele nyumbani?

Fundi wa Ruashi
Imefungwa kwenye gazeti! Huyo mama ana adabu. Wa kwangu angeiacha mezani niihesabu.

Yaya Bel-Air
Pole papa. Mimi nitakujibu upande wa makala, maana ndiko pesa inakokwenda bila mtu kuiona. Ukinunua makala kwa mfuko mdogo kila siku umekwisha. Nunua gunia, liweke pakavu, hasa masika yakianza, kwa sababu makala yenye unyevu yanatoa moshi tu na sufuria haichemki. Maharagwe loweka usiku kucha. Asubuhi yachemshe kwa nguvu kama nusu saa, halafu toa sufuria motoni ikiwa na mfuniko wake, izungushie blanketi kuukuu, iweke ndani ya kikapu uifunike juu. Mchana unakuta yameiva au yamebakiza kidogo sana. Na umeme ukirudi usiku wa manane, amka upike kwenye resho. Mimi ninaamka. Mume wangu anasema ninaota, lakini sombe yangu asubuhi iko tayari.

Baba wa Watano (Katuba)
Asante yaya, ila swali langu si makala. Swali ni kuku.

Mtumishi K.
Ndugu yangu, tatizo si kuku, ni siri. Nyumba yenye siri haijengwi. Leo ni kuku, kesho ni mkopo, keshokutwa ni mambo mengine. Mkalishe, msali pamoja, halafu umuulize kwa upole. Akidanganya, ita wazee wa pande zote mbili.

Mama Bitumbula
Wazee waitwe kwa ajili ya mapaja ya kuku?

Papa wa watano, mimi ninauza bitumbula soko la mtaa wa Kenya, bei za sokoni ninazilala na kuziamkia. Hebu tuhesabu pamoja. Franka 10,000 kwa watu saba, ndani yake makala, mafuta, tomati, kitunguu, chumvi na mboga. Mtu wa kutoa kuku kwenye pesa hiyo amepunguza mafuta Jumatatu, amepika lengalenga kwa unga wa kalanga Jumanne badala ya samaki, Jumatano amechuma majani ya viazi kwa jirani, na franka mia tano mia tano amezifunga kwenye ncha ya kitenge mpaka Ijumaa. Unataka kumfundisha kubana matumizi? Huyo ndiye angekufundisha wewe.

Fundi wa Ruashi
😂😂 Mama amefunga kesi.

Baba wa Watano (Katuba)
Mama, ninakuheshimu, lakini kama ilibaki pesa, si angenirudishia? Ingeingia kwenye parseli. Hii parseli ni ya nani, si ya hao hao watoto?

Mzee wa Poso
Vijana, mmenikumbusha mbali. Baba yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Sisi hatukujua kwenda sokoni kununua unga, tulipokea poso. Unapanga mstari na mfuko wako, unapimiwa unga, samaki wakavu, mafuta, kalanga, mpaka chumvi. Familia yenye watoto wengi inapata zaidi. Mwaka 1967 serikali ikachukua kampuni, baadaye ikawa Gécamines, na poso iliendelea miaka mingi. Mama yangu alikuwa anauza sehemu ya mafuta ya poso kwa majirani wasio wa kampuni, anatununulia mkate mweupe na siagi kila tarehe ya mshahara. Baba hakujua, au alijua akanyamaza. Mimi mwenyewe niliingia Gécamines, nikatoka na wale wa 2003 walioacha kazi kwa malipo, tulikuwa zaidi ya 10,000 tulioondoka na bahasha mkononi. Wengine walinunua gari la taksi, likafa mwaka huohuo. Mimi nilinunua mashine ya kusaga mahindi, inasaga mpaka leo.

Yaya Bel-Air
Papa mzee, tunakupenda, lakini kuku?

Mzee wa Poso
Kuku alikuwa sikukuu ya Uhuru na Noeli.

Tantine Kampemba
Mimi nina swali dogo tu, jamani. Kwa nini Ijumaa? Mtu anayetaka kumpa mtoto kitu kitamu anangoja Jumapili baada ya misa, nguo nzuri ziko mwilini, jirani wanaona. Huyu amechagua Ijumaa jioni, na alikuwa na muda wa kupika, kula, kuosha vyombo, kulaza watoto na kuzika mifupa. Papa wa watano, Ijumaa unarudi saa ngapi?

Baba wa Watano (Katuba)
Nina kazi mjini. Ijumaa kuna mambo mengi.

Tantine Kampemba
Mambo gani yanafika usiku?

Baba wa Watano (Katuba)
Kazi.

Fundi wa Ruashi
Mukubwa, sisi wote tunafanya kazi. Ofisi gani inafungwa wakati watoto wamelala?

Baba wa Watano (Katuba)
Sawa. Tukitoka kazini Ijumaa tunapita mahali na wenzangu. Tunakula michopo ya mbuzi (nyama ya kuchoma), bia moja, basi. Lakini hiyo ni tofauti, na ninaomba tusichanganye mambo. Mle ndimo watu wanapoongea mambo ya kazi. Nani atapandishwa, nani anatafuta mtu, mkuu amekasirikia nini. Usipokaa na wenzako, kesho wanakusahau. Na hata parseli niliisikia palepale, kwa mtu wa meza ya pembeni. Halafu silipi kila mara, tunapokezana.

Mama Bitumbula
Sahani ya michopo ya watu wawili na bia moja inakwenda ngapi, papa?

Baba wa Watano (Katuba)
Inategemea.

Mama Bitumbula
Inategemea nini? Mbuzi hana bei ya siri.

Baba wa Watano (Katuba)
Kama 15,000. Wakati mwingine 20,000. Lakini nimesema ni mara moja kwa juma!

Tantine Kampemba
Na kuku wa mama watoto ni mara ngapi?

Mtumishi K.
Ninaona mambo yanageuka. Lakini bado ninasema siri ni siri. Pande zote mbili, sawa, siri ni siri.

Baba wa Watano (Katuba)
Mniache nieleze nilipofika, kwa sababu sikuja hapa kuhojiwa. Nimeamua kuanzia mwezi ujao nitashika matumizi mwenyewe. Nitanunua kila kitu Jumamosi, nitakiweka kwenye kabati, asubuhi nitatoa kipimo cha siku. Kufuli nimekwisha kulinunua. Mbona kwenye kampuni za zamani waliwapimia watu na waliishi vizuri? Papa mzee ameeleza hapo juu.

Mzee wa Poso
Mwanangu, usiniingize. Na mbona hujasoma sehemu ya mama yangu na mafuta?

Kaponda Mcheshi
Nimekaa kimya ninasoma tangu mwanzo. Ngoja niwaulize. Mwanaume wa Katuba anarudi usiku kutoka kwenye michopo, ana bia tumboni, halafu anaanza kuchokoa NDOO YA MAJIVU? Nani kati yenu wanaume ameshawahi kujua ndoo ya majivu inakaa wapi? Halafu anajua vifuko vya barafu vilikuwa vyekundu, usiku, na sisi tunajua umeme wa Katuba usiku. Hii hadithi imetungwa. Mimi ninasema aliyeandika ni mama mwenyewe, anataka kura zetu aende kumwonyesha mzee.

Yaya Bel-Air
Eeeh! Na mimi niliona kitu. "Mimi, bibi yangu na watoto watano." Mwanaume angesema tuko saba, angeishia hapo.

Fundi wa Ruashi
Na "imekunjwa vizuri kabisa". Mwanaume haoni mkunjo.

Mtumishi K.
Kama ni uongo, basi nimepoteza maombi yangu ya asubuhi.

Baba wa Watano (Katuba)
Ninyi watu! Nilikuwa na tochi ya simu. Na ndoo ya majivu ninaijua kwa sababu mimi ndiye ninayeimwaga, mama watoto alisema majivu yanamletea kikohozi. Mnataka ushahidi? Kufuli nimelinunua soko la Kenya, la rangi ya shaba, lilikuja na funguo tatu kwenye waya mdogo. Niliweka juu ya kabati. Leo asubuhi ziko mbili.

Kaponda Mcheshi
...

Naondoa maneno yangu. Hili haliwezi kutungwa.

Tantine Kampemba
Funguo mbili! 😂 Mama watoto yuko mbele yako kwa mwezi mzima.

Mama Bitumbula
Mimi sijali kama ni baba au ni mama ameandika. Kuna kitu kimoja kilinisumbua tangu juu, hakuna aliyekishika. Amesema unga ananunua mwenyewe. Papa, unanunua kwa gunia au kwa meka, lile kopo la kupimia?

Baba wa Watano (Katuba)
Meka. Ninapita sokoni nikitoka kazini, ninachukua meka mbili tatu.

Mama Bitumbula
Basi parseli yako unaimwaga hapo. Bibi yako unamhesabia mapaja, na muuza meka anakupunja mbele ya macho yako. Anapima na mkono ndani, chombo chenyewe kimegongwa chini kikaingia tumboni. Gunia la kilo 25 likigawanywa na watu mnaoaminiana, kwa mizani, kila nyumba inapata unga zaidi kwa pesa ileile. Na kama tumbo zenu zinakubali, changanyeni mahindi na muhogo, bukari inashika tumbo muda mrefu.

Mzee wa Poso
Na msiweke akiba kubwa mno bila kuangalia wadudu. Lakini gunia ni akili. Mwaka 2024 Zambia walipopata ukame, sisi huku tuliumia, kwa sababu mahindi mengi tunayokula yanapita mpaka wa Kasumbalesa, si hata kilomita 100 kutoka hapa. Waliokuwa na gunia ndani walipumua kidogo.

Yaya Bel-Air
Mama Bitumbula, ninyi mnagawana wapi? Mimi niko tayari kwa robo.

Mama Bitumbula
Tunachukua magunia mawili kila mwezi, tuko nyumba saba, mizani ni ya dada mmoja anayeuza samaki. Kila mtu anatoa pesa yake siku tano kabla, anayechelewa anangoja mwezi mwingine, hata akilia. Yaya, karibu.

Fundi wa Ruashi
Wanaume wanaruhusiwa?

Mama Bitumbula
Wanaobeba magunia, ndiyo.

Baba wa Watano (Katuba)
Mama, na mimi ninaweza kuingia? Niko Katuba, si mbali.

Mama Bitumbula
Kwako nafasi imebaki moja. Lakini mwambie mama watoto aje aniulize sokoni, nitaandika jina lake, si lako.

Baba wa Watano (Katuba)
Kwa nini yeye? Pesa ninatoa mimi. Magunia yanafika siku gani?

Mama Bitumbula
Ijumaa jioni.